Faranga Moja kwa Mwaka: Bandari ya Kigoma na Milima Iliyosahauliwa na Mikataba

Tarehe 15 Machi 1921, jijini London, serikali za Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba ambao Watanzania wengi wa leo hawajapata kuusikia. Kwa mkataba huo Ubelgiji ilikodishiwa maeneo mawili ya bandari katika Tanganyika, moja Kigoma na jingine Dar es Salaam. Ukodishaji huo ulikuwa wa milele, na kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ingepita katika ardhi ya Tanganyika, kwa meli na kwa garimoshi, pasipo kutozwa ushuru wa forodha.

Kwa barabara, takribani kilomita mia moja kutoka bandari hiyo ya Kigoma, uko mji wa Kasulu, na mbele zaidi kuelekea kaskazini uko Kibondo. Huko milimani watu walikuwa wakivuka kwenda Burundi na kurudi muda mrefu kabla ya faranga hiyo kulipwa, na wanavuka hata leo: kununua maharage, kutafuta kibarua cha kulima, kuoa, kuzika. Kwao hapakuandikwa mkataba wowote.

Hoja ya makala haya ni moja. Kwa zaidi ya miaka mia moja, ushirikiano wa nchi zinazozunguka kaskazini ya Ziwa Tanganyika umeandikwa mwambaoni, kwa ajili ya mzigo, na umeachwa bila kuandikwa milimani, kwa ajili ya watu. Kilichoandikwa hujadiliwa, hurekebishwa na hutengewa fedha. Kisichoandikwa huitwa ujirani mwema, na ndicho kinachokatwa kwanza siku hali inapochafuka. Sasa reli mpya inaelekezwa Burundi na barabara ya lami inapita Kasulu, hivyo ni vema tukaisoma historia hii kabla hatujairudia.

Kabla ya mpaka

Buha haikuwa dola moja. Ilikuwako Heru, yenye kitovu chake katika eneo la Kasulu. Muhambwe, ambayo leo tunaijua kama Kibondo. Na Buyungu, ambayo leo ni Kakonko. Pamoja na tawala nyingine ndogo zaidi, kila moja na mwami wake. Neno hilo mwami ndilo lililotumika pia kumtaja mfalme wa Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana mno, hata mzee wa Kibondo na mzee wa Ruyigi huelewana bila mkalimani. Utaratibu wa kumkabidhi mtu ng'ombe ili naye akutumikie na kuwa chini ya hifadhi yako, yaani ubugabire, ulijulikana pande zote mbili.

Isidhaniwe kwamba palikuwa na amani isiyokatika. Katika karne ya 19 majeshi ya wafalme wa Burundi yalipata kuingia Buha, na watawala wa Buha wenyewe walipigana wao kwa wao. Hata hivyo biashara ilikuwa na kanuni zake. Mfano ulio bora ni chumvi ya Uvinza, inayochemshwa kutokana na maji ya chemchemi karibu na makutano ya mito Malagarasi na Ruchugi. Wanaakiolojia wamethibitisha kwamba chumvi imetengenezwa mahali hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wakati wa kiangazi watu walitoka mbali kuja kuchemsha, na walitoa sehemu ya walichopata kwa watawala wa Uvinza. Mgeni alijua anachodaiwa kabla hajafika. Chumvi hiyo ilipandishwa Buha, ikavushwa Burundi, na nyingine ikapelekwa ng'ambo ya ziwa kwa mitumbwi.

Huko mwambaoni, Ujiji ilikuwa soko la mataifa kabla neno hilo halijaingia katika hotuba za wanasiasa. Katika karne ya 19 walikutana hapo wafanyabiashara wa pwani, Waha walioteremsha nafaka, na watu wa ng'ambo ya ziwa walioleta pembe na, kwa aibu ya historia yetu, watumwa. Shanga zilitumika kama fedha. Kwa hiyo mlima na mwambao vilikuwa sehemu mbili za soko moja: Ujiji ilikula chakula cha Buha, na Buha ilipata nguo na shanga kupitia Ujiji. Tukilishika hilo, tutaona vizuri zaidi kilichotengana baadaye.

Vita, reli na kodi ya faranga moja

Katika himaya ya Wajerumani, Buha na Burundi zilikuwa ndani ya koloni moja. Reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Mwaka uliofuata iliteremshwa majini meli Graf von Götzen, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa Kigoma. Wakati huohuo Wabelgiji walikuwa wamefikisha reli yao ziwani upande wa Kongo, mahali palipoitwa Albertville, ambapo leo ni Kalemie. Ziwa likawa kiungo cha reli mbili, na Kigoma ikawa mlango.

Mlango huo ulipiganiwa. Mwezi Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji, yaliyoundwa kwa sehemu kubwa na askari Wakongo, yaliiteka Kigoma, na Septemba yakaingia Tabora. Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe kabla ya kukimbia. Baada ya vita, waliokaa mezani walikuwa Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji. Makubaliano yao ya Mei 1919 yaliipa Ubelgiji Rwanda na Burundi, na Uingereza ikapata sehemu kubwa ya koloni iliyobaki, ikiwemo Kigoma ambayo Wabelgiji walikuwa wakiikalia. Ubelgiji iliondoka Kigoma mwezi Machi 1921, na fidia mojawapo ya kuondoka huko ndiyo ule mkataba wa faranga moja. Maeneo hayo ya bandari yalikuja kujulikana kwa jina la Belbase.

Tuutazame mkataba huo kwa macho ya utawala, tukiweka kando hasira kwa muda. Ulikuwa umeandikwa kwa uangalifu. Ulieleza eneo, muda, kodi, haki za mpangaji na namna mzigo utakavyopita. Mwaka 1951 ulirekebishwa ili kwenda na mabadiliko ya bandari ya Dar es Salaam. Kwa miaka arobaini ulifanya kazi, na meli, mabehewa na maghala yalijua kanuni zake. Wakoloni wawili walioshindania ardhi waliweza kukubaliana juu ya mzigo kwa sababu kila mmoja alijua thamani ya mzigo huo.

Mpaka wenyewe ulielezwa katika hati nyingine, itifaki ya tarehe 5 Agosti 1924. Hati hiyo ilihusu mito, vilima na alama. Watu walioishi kandokando ya mito hiyo hawakuulizwa. Mto Malagarasi, ambao kwa wafugaji na wakulima ulikuwa mahali pa kunyweshea mifugo na kuvukia, ukageuzwa kwa sehemu ya safari yake kuwa mwisho wa nchi.

Milima kama ghala la nguvukazi

Je, Kasulu na Kibondo zilipata nini katika mpango huo? Zilipata jukumu la kutoa watu. Utawala wa Waingereza haukuweka nyanda za juu za Kigoma katika orodha ya maeneo ya kuendelezwa kwa mazao ya biashara kama ilivyokuwa Kilimanjaro au Bukoba. Uliziona kama chimbuko la vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Vijana wa Kiha walishuka hadi Kigoma, wakapandishwa garimoshi, wakapewa namba na kuitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo maalumu cha kuajiri, SILABU, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa. Warundi nao walivuka mpaka na kuingia katika mkondo huohuo.

Katika miaka ya 1930 utawala ulihamisha watu wa sehemu nyingi za Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, hoja ikiwa kupambana na malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua. Lakini matokeo mengine ni kwamba maeneo mapana ya misitu na mbuga kati ya vijiji yaliachwa wazi. Miaka mingi baadaye, serikali huru ilipotafuta mahali pa kuweka kambi za wakimbizi katika Kibondo na Kasulu, iliyakuta maeneo yenye watu wachache. Hatuwezi kuuelewa mpangilio wa leo wa wilaya hizi bila kukumbuka uhamishaji huo.

Hivyo reli na bandari ileile zilibeba vitu viwili. Mzigo wa Kongo na Burundi ulipita chini ya mkataba wenye vifungu. Mtu wa Kasulu alipita chini ya namba.

Mwalimu na mkataba wa milele

Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere alilieleza Bunge msimamo wa serikali yake kuhusu Belbase. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kupingwa. Uingereza ilishika Tanganyika kwa niaba ya jumuiya ya kimataifa na kwa muda wenye kikomo. Mwenye haki ya muda hawezi kumpa mwingine haki ya milele. Kwa hiyo, kuanzia siku ya uhuru, Tanganyika haingeutambua ukodishaji huo.

Wanafunzi wa sheria za kimataifa huufahamu msimamo mwingine uliotolewa wakati huohuo, ule unaoitwa mafundisho ya Nyerere juu ya urithi wa mikataba. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kuheshimiwa kwa miaka miwili, hadi Desemba 1963, ili ipitiwe upya. Ambayo haingeafikiwa ingekoma. Belbase haikupewa hata hiyo miaka miwili.

Lipo jambo ambalo mara nyingi husahauliwa tunaposimulia ushujaa huo. Mwalimu hakusema kwamba majirani wasipitishe mizigo yao. Alieleza kwamba Tanganyika haikuwa na pingamizi ya kimsingi kuhusu nchi nyingine kupata huduma maalumu katika ardhi yake. Alichokataa ni masharti yasiyolingana na mamlaka ya taifa huru. Mzigo wa Burundi, Rwanda na Kongo uliendelea kupita Kigoma. Yaani, hata katika kuvunja, dola yetu changa ilijua namna ya kujenga upya upande wa mwambao.

Upande wa milimani hapakuwa na cha kuvunja wala cha kujenga upya. Mwezi Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake, kwa kuwa mbadala wake ungekuwa vita visivyokwisha. Lakini mpaka ulirithiwa bila masharti yoyote kuhusu wale ambao maisha yao yako pande mbili.

Bandari ilipotetea milima

Mwaka 1972 serikali ya Michel Micombero ilifanya mauaji makubwa ya Wahutu nchini Burundi, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Wengi waliingia kwanza katika vijiji vya mpakani, kwa watu waliozungumza nao lugha inayoeleweka. Serikali iliwahamishia mbali na mpaka, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo.

Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yaliwafuata wakimbizi ndani ya Tanzania na kushambulia vijiji vya mkoa wa Kigoma. Walioathirika walikuwa wanavijiji wa mpakani, lakini jibu zito lilitoka bandarini. Makuli waligoma kushughulikia mizigo ya Burundi. Kwa nchi isiyo na bahari, ambayo sehemu kubwa ya bidhaa zake ilipitia reli ya kati na ziwa, pigo hilo lilifika haraka. Mwezi Julai mwaka huohuo, kwa upatanishi wa Mobutu wa Zaire, Burundi ilikubali kulipa fidia.

Tukio hilo linastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa katika vitabu vyetu vya shule. Wafanyakazi wa mwambaoni walitumia njia ya mzigo kuwatetea watu wa milimani. Kwa kipindi kifupi sehemu mbili za soko lile la kale ziliungana tena. Pamoja na hayo, tukio hilo halikuacha chombo chochote cha kudumu. Hakikuundwa chombo cha pamoja cha mpakani ambacho mwanavijiji aliyeumizwa angekiendea siku nyingine.

Miaka 23 baadaye bandari ilitumika tena kama fimbo, safari hii na serikali zenyewe. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka mwezi Julai 1996, viongozi wa ukanda huu walikutana Arusha mwishoni mwa mwezi huo na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Lengo lilikuwa kulazimisha mazungumzo, na mazungumzo yalikuja: Mwalimu aliyasimamia hadi alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akayapokea, na mkataba wa Arusha ukatiwa saini Agosti 2000. Vikwazo viliondolewa Januari 1999. Katika miaka hiyo zaidi ya miwili bandari ya Kigoma ilifungwa kwa mzigo wa kawaida wa Burundi, na bidhaa zikapenya kwa njia za panya. Mfanyabiashara mdogo aliyekuwa akivuka kihalali akageuka kuwa msafirisha magendo bila kubadili alichobeba wala njia aliyopita.

Soko la pamoja na lango lake

Mauaji ya Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 yalifungua wimbi jipya la wakimbizi. Wilaya za Kasulu na Kibondo zikawa na kambi ambazo majina yake yameingia katika kumbukumbu za kizazi kizima: Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago. Nyarugusu ilipokea Wakongo waliokimbia vita vya mwaka 1996 na baadaye.

Mwaka 1997 vyombo vya usalama viliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini karibu na mpaka na kuwapeleka kambini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha kuishi Buha kwa miaka mingi, wengine wakiwa wameoa au kuolewa na Watanzania. Hofu ya serikali haikuwa ya kubuni, kwa kuwa Burundi ilikuwa vitani na iliishutumu Tanzania kwa kuwahifadhi waasi. Hata hivyo, namna zoezi lilivyoendeshwa ilionyesha udhaifu tuliouzungumzia. Hapakuwa na hati ya kumtofautisha mpiganaji na mkwe, wala mkimbizi wa mwaka jana na jirani wa miaka 20. Mwaka uliofuata Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilitungwa, na kuishi nje ya kambi bila kibali kukawa kosa lililo wazi.

Maisha hayakungoja sheria. Kambini na pembezoni mwake yalizuka masoko ambako mkimbizi aliuza sehemu ya mgawo wake na kununua mboga, mihogo na dagaa, naye mwenyeji akapata mteja asiyehitaji kusafiri. Baadaye masoko hayo yalitambuliwa na kuitwa masoko ya pamoja, kwa kuwa wenyeji na wakimbizi walikutana humo kwa siku zilizopangwa. Mkulima wa Kasulu alimtegemea Mrundi kwa kibarua cha msimu, na Mrundi alimtegemea mkulima kwa chakula kisichokuwa katika mgawo. Palikuwa pia na migogoro: miti iliyokatwa kwa kuni, wizi, ugomvi wa visima. Msomi asiyeyataja hayo anaandika ngano.

Mwaka 2015 mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza ulileta wimbi lingine. Maelfu ya watu walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaanza, na meli iliyotumwa kuwachukua hadi Kigoma ilikuwa MV Liemba. Ndiyo ile Graf von Götzen, iliyoibuliwa na Waingereza na kurejeshwa kazini kwa jina jipya mwaka 1927. Nyarugusu ilifurika, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya.

Mwaka 2017 utaratibu wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu badala ya chakula ulisimamishwa Nyarugusu. Mwezi Februari 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa mwitikio kwa wakimbizi, ikitaja usalama na uhaba wa fedha zilizoahidiwa. Katika miaka iliyofuata masoko ya pamoja yalibanwa, na mengine yakafungwa. Mkimbizi alipoteza soko. Mama muuza mboga wa kijiji cha jirani, raia wa Tanzania mwenye kitambulisho na kadi ya kupigia kura, naye alipoteza soko. Hakuna kifungu ambacho angeweza kukionyesha na kusema: hapa ndipo paliponipa haki ya kuuza siku ya Jumatano, na hapa ndipo panapoeleza nani anaweza kuiondoa na kwa utaratibu gani.

Katika miaka hiyohiyo, mzigo ulikuwa ukiendelea vizuri kimaandishi. Makubaliano ya Ukanda wa Kati, yaliyotiwa saini Septemba 2006 na Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo, yana sekretarieti na vikao vyake. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika wa Juni 2003 umeunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Samaki wa ziwa wana chombo cha nchi nne. Maharage ya Mnanila hayana.

Tuandike nini sasa

Nisieleweke kwamba napinga miundombinu. Mradi wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, wa kilomita 260, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018, ni ukombozi kwa watu ambao kwa vizazi vilivyopita walitembea kwa tope. Reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati nchini Burundi, yenye urefu wa takribani kilomita 280, itasafirisha madini na bidhaa kwa wingi ambao malori hayawezi. Swali ni kama miradi hii itapita katika nyanda za juu kama Belbase ilivyopita Kigoma, yaani kwa vifungu vingi vya mzigo na ukimya juu ya watu.

Nionavyo, kazi zinazoweza kuanza bila kusubiri wakuu wa nchi ni tatu.

Ya kwanza ni kuandika siku za soko. Halmashauri za Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kuhusu masoko. Sheria ndogo ya soko la mpakani inaweza kutaja siku, tozo, na utaratibu wa kulifunga: nani anafunga, kwa sababu gani iliyoandikwa, kwa muda gani, na lini uamuzi utapitiwa upya. Serikali ibaki na uwezo wa kufunga kwa sababu za usalama. Ninachodai ni kwamba kufunga kuwe na tarehe ya mwisho, kama vile ukodishaji ulivyopaswa kuwa nayo mwaka 1921.

Ya pili ni kulitumia lililokwisha kuandikwa. Burundi imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya ilianza kutumika Julai 2010. Upo utaratibu rahisi wa biashara ndogo, unaomruhusu mfanyabiashara mwenye shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizoorodheshwa, kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa mpakani penyewe. Ni wangapi kati ya wanaovuka Manyovu au Mabamba na kikapu kichwani wameelezwa jambo hili kwa lugha wanayoielewa? Ofisa wa forodha anayebandika tangazo hilo kwa Kiswahili na Kirundi, na kulieleza kwa mdomo siku ya soko, anafanya kazi ya dola kwa maana kamili.

Ya tatu ni kuzitoa kabatini kumbukumbu za vikao vya ujirani mwema. Wakuu wa wilaya na mikoa yetu wamekuwa wakikutana na wenzao wa Burundi kwa muda mrefu, na vikao hivyo hutatua mambo mengi: ng'ombe aliyevuka, mtoto aliyepotea, kijana aliyekamatwa. Maazimio yake yakibandikwa katika ofisi za kata na kusomwa katika mikutano ya vijiji, yatakuwa na wa kuyadai. Yakibaki katika jalada, yataondoka na mkuu wa wilaya anayehamishwa.

Kwa wanafunzi wa historia nina ombi mahususi. Makuli waliogoma mwaka 1973, kama wangali hai, ni wazee sana. Wengi wao wapo Kigoma na Ujiji, na watoto wao wapo Kasulu. Waulizwe sasa: nani aliitisha mgomo, waliamuaje, waliishije bila malipo ya mzigo ule, na nani aliwaletea habari za vijiji vilivyoshambuliwa. Mkataba wa faranga moja umehifadhiwa vizuri katika nyaraka za Ulaya. Uamuzi wa makuli wetu haujahifadhiwa na mtu, na ndio wenye funzo kubwa zaidi kuhusu namna mwambao unavyoweza kuwajibika kwa milima.